HONGO YA NJIA KATIKA MAABARA

Zamani msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe haukufika Tabora ila umekwisha kutoa hongo njiani. Ugogo ndiko kulikosifika kwa jambo hilo: nguo, shanga na masango vilihesabiwa mbele ya mtemi, ndipo njia ifunguliwe. Hongo hiyo siyo rushwa tuijuayo leo. Ilikuwa ada ya kupita, na mtemi mwenye maji na chakula alikuwa na haki yake. Lakini aliyeitoa mwaka huu alirudi kuitoa mwaka ujao, na mkononi hakubaki na kitu.

Twayakumbuka hayo kwa sababu iko ada nyingine ambayo wananchi wengi hawajaisikia, ingawa katika vyuo na vituo vya serikali hulipwa kwa fedha yao. Mtaalamu wa vinasaba siku hizi husoma mfululizo mrefu wa herufi kwa kompyuta, na kompyuta haisomi bila programu. Programu za kampuni za ng'ambo, kama SnapGene na Geneious, hutozwa ada ya mwaka. Hatusemi ni mbaya. Ni nzuri, na humpunguzia mtu kazi. Twauliza tu kama hapana njia nyingine.

Mkoa wa Tabora waujua ugonjwa wa malale, kwa kuwa miombo ya Urambo na Kaliua ni makao ya mbung'o. Kimelea chake, Trypanosoma brucei, kina jamaa wafananao kabisa chini ya darubini: mmoja hampati mtu, mwingine humwua, na huyo mwuaji aweza kukaa kimya ndani ya ng'ombe wa jirani. Njia ya kuwatofautisha ni kutafuta jeni iitwayo SRA, ambayo mwaka 1998 ilionyeshwa kuwa ndiyo impayo kimelea nguvu ya kuishi katika damu ya binadamu. Basi mtafutaji huhitaji vianzio, yaani vipande vya herufi kama 20 hivi vya kuinasia jeni hiyo. Programu ya Primer3 humchagulia, bure. Akipata jibu, hulilinganisha na hazina ya dunia kwa BLAST, iliyotangazwa mwaka 1990, bure. Vinasaba vya kimelea chenyewe, herufi kama milioni 26, vilichapishwa mwaka 2005 na kila mtu aweza kuvisoma. UGENE, iliyotungwa Novosibirsk katika Urusi, hukusanya nyenzo nyingi za namna hii mahali pamoja, na kazi zake nyingi hazihitaji intaneti. Hapo senti ya leseni haijatoka.

Atakayesema kwamba hayo ni ya miji mikubwa na atazame habari iliyochapishwa mwaka 2019. Wataalamu waliingia mashamba matatu ya mihogo, moja Tanzania, moja Uganda na moja Kenya, wakiwa na mashine ndogo za betri. Hawakutegemea umeme wa gridi wala intaneti, na tangu kufika shambani mpaka kuvitambua virusi vya batobato hazikupita saa tatu.

Hata hivyo bure nayo yataka macho. Ziko programu ambazo vyuo hupewa bila malipo, lakini kazi yote huwekwa katika kompyuta za kampuni. Huko ni kulaza mizigo ya msafara katika ghala la mwingine: siku mwenye ghala akibadili masharti, mtafiti ataomba kile alichokichuma mwenyewe. Kwa hiyo matokeo yahifadhiwe hapa kwetu, katika mtindo wa FASTA au GenBank, ambao karibu kila programu husoma.

Tena programu ya bure haijifundishi. Kijana aliyetoka chuoni bila kuonyeshwa ataishia kuomba ile ya kununua, kwa sababu ina vitufe vizuri, wala hatumlaumu. Mkuu wa maabara afanyaye kazi ya kuunganisha jeni kila siku anunue leseni moja kwa kompyuta moja, wengine watumie SnapGene Viewer, isiyolipiwa, kutazama michoro yake. Na bajeti ya Julai itakapoandikwa, Tabora kama kwingine, fungu lililokuwa la leseni kumi liandikwe jina la mwalimu, nauli yake, na majuma mawili ya kukaa na vijana mbele ya kompyuta.