Vuta kiti, usicheke



Juma hili mama mhazini wetu alinirudishia funguo za ofisi. "Pasta, tafuteni kijana. Mimi nimeshindwa." Huyu ni mama aliyeandika sadaka zetu miaka mingi bila shilingi kupotea. Kisa? Tulihamisha kompyuta ya ofisi kutoka Windows 10 hadi Windows 11. Kitufe cha kuanzia kikatoka kona ya kushoto kikaenda katikati, printa ikagoma, na vijana wakacheka.

Kuhama kulifaa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025, na kompyuta isiyopata kinga mpya ni nyumba isiyo na kufuli. Kosa ni letu: tulimwekea mfumo mpya Jumamosi jioni, Jumapili tukadai ripoti. Hakuna aliyeketi naye hata nusu saa. Kile kitufe chenyewe hurudishwa kushoto kwenye mipangilio, dakika moja tu.

Kijana, mzazi akiuliza jambo mara ya tatu, mwonyeshe mara ya tatu. Yeye ndiye aliyekufundisha kushika kalamu.

Funguo nimemrudishia. Jumatatu tunajifunza pamoja, maana hata mimi printa imenishinda.