Chanjo ya kichaa cha mbwa haiambukizi kichaa

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa, hivyo haiwezi kumwambukiza mtu. Hofu ya sindano nyingi za tumboni ni urithi wa chanjo za zamani zilizotokana na ubongo wa wanyama. Za leo huchomwa begani, na kwa kawaida huacha maumivu kidogo au homa tu. Hata mjamzito huchanjwa. Mate ya mbwa yakigusa ngozi isiyo na jeraha hayana hatari. Aliyeng'atwa Makobola, kando ya Ziwa Tanganyika, aoshe jeraha mara moja kwa maji na sabuni kwa dakika 15 (ndiyo dawa ya kwanza, ingawa wengi huidharau), kisha atafute chanjo bila kungoja dalili. Zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa aliyemng'ata akichungwa na kubaki mzima siku 10, sindano zilizosalia husimamishwa.