Tusi Haliachi Kovu, Bali Humjeruhi Mtoto

Leo tunasema na wazazi na walezi wa Magomeni, ile ya Kilosa mkoani Morogoro, juu ya dhuluma itendekayo majumbani bila ya fimbo.

Mtoto akipigwa hadi kuvimba, majirani huingilia kati. Lakini yule aitwaye mjinga na mkosi kila kukicha, asimangwaye kwa chakula anachokula, atishwaye kufukuzwa, au anyimwaye hata salamu kutwa nzima kwa kuvunja sahani, hana mtetezi. Husemwa kuwa anafunzwa adabu.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009, ukatangazwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa takriban robo ya vijana waliohojiwa nchini walifanyiwa ukatili wa kihisia na mtu mzima kabla ya kutimiza miaka 18. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inakataza kumtesa na kumdhalilisha mtoto.

Basi tumtambueje mtoto huyu? Alikuwa mchangamfu, sasa amejitenga. Hushtuka asikiapo sauti ya mzazi mlangoni. Alikwisha acha kukojoa kitandani, amerudia. Masomo yameporomoka. Huwatukana wadogo zake kwa maneno yale yale atukanwayo yeye. Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu, kwani huenda ni maradhi. Ila zikikusanyika, ni wajibu wetu kuuliza kwa upole.

Wako wasemao kuwa upole huharibu watoto. Tuwakumbushe habari ya Anas bin Malik (r.a.), aliyeletwa kumtumikia Mtume Muhammad (S.A.W.) angali mtoto. Alisimulia kwamba katika miaka kumi ya utumishi wake hakuguniwa hata mara moja, wala hakusutwa kwa alilolifanya au aliloliacha. Je, Anas aliharibika? Alikuwa miongoni mwa Masahaba waliopokea Hadithi nyingi mno. Naye Luqman, alipompa mwanawe mawaidha mazito, alimwita kwa jina la mapenzi: ewe mwanangu. Na katika Surat Al-Hujurat tumekatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Hapakusemwa kuwa watoto wamevuliwa katika katazo hilo.

Hatusemi mtoto aachwe bila kuonywa. Aliyevunja sahani na aambiwe awe makini, aokote vigae. Asiambiwe kuwa hana faida duniani. Na mzazi aliyekwisha kuteleza amtake radhi mwanawe, kwani kufanya hivyo hakumpunguzii heshima.

Palipo na mateso yasiyokoma, tusinyamaze kwa kuogopa kuvunja ujirani. Tumwendee imamu, ofisa wa ustawi wa jamii, au tupige simu namba 116, ambayo ni bure.

Allah atujaalie ndimi zenye kulea wala si zenye kubomoa. Amin.