BUSTANI YETU: Mti uliobanduliwa gome

Watu wanabandua gome la mwarobaini kwa dawa, wanazunguka shina lote, halafu wanasema, "Mbona majani bado mabichi?" Kweli, yatabaki mabichi majuma, hata miezi.

Mti una njia mbili. Maji na madini ya udongo yanapanda toka mizizini kwa kupitia sehemu ngumu ya ndani ya shina. Majani yakipoteza maji juani, yanavuta mengine toka chini. Sukari inatengenezwa na majani, nayo inashuka kwa njia nyembamba iliyo chini tu ya gome. Ukibandua gome mzunguko mzima, maji yanaendelea kupanda lakini mizizi inakosa chakula. Inakula akiba yake mpaka inakwisha. Mizizi ikifa, ndipo majani yanakauka. Tazama juu ya kidonda: mara nyingi gome limevimba, sukari imekwama hapo.

Waya wa kuanikia nguo ni hivyo hivyo, akina mama. Mti unanenepa, waya haulegei, unakaba. Heri kusimika nguzo mbili.

Mwenye shida ya gome achukue kipande chembamba cha wima, upande mmoja tu. Mbuzi hawasomi gazeti. Hao tuwazuie kwa miiba.