Ngoma Haikuwa Mbovu Bosi, Ni Gari Yako

Wadau wangu, leo umbea kidogo tu. Kuna jambo limenikaa kooni na mimi mwenyewe nimo ndani yake, kwa hiyo nitalisema lote hata kama nitaaibika.

Mnaikumbuka ile posti yangu ya miezi miwili iliyopita, niliyosema prodyuza kaiua ngoma ya msanii wetu mmoja mkubwa? Jina silitaji. Mnamjua, na kama humjui basi haikuhusu. Ile posti ilipata koment nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika hapa. Mlimwaga povu mpaka nikajiona nimefika. Leo nasema tulimuonea mtu, na wa kwanza kumuonea ni mimi.

Ilikuwa hivi. Jamaa alikuwa kavuta Crown, mpya kwake maana Japani imetumika, na kaifunga mziki wa maana. Sabufa mbili nyuma, amplifaya inawaka taa za bluu, spika mpya milango yote. Akatuita watu kama sita hivi, jioni, paking ya sehemu moja Mikocheni, tuisikie ngoma kabla haijatoka. Akafungua milango, akapandisha sauti. Jamani. Sauti yake ilikuwa inakwaruza kama mtu anaburuta kiti kwenye vigae. Besi nyuma inakoroma, lakini ukikaa mbele huisikii kabisa. Na alivyogusa mafuta kuwaonyesha watu injini, ikaingia "wiiiii" ndani ya wimbo.

Tukapiga makofi. Si ndiye alikuwa ananunua vinywaji. Ila pembeni kila mtu ananong'ona: prodyuza kachemka. Nikaenda nyumbani nikaandika. Kesho yake mmelipuka, keshokutwa msanii kaichukua kazi kaipeleka studio nyingine kubwa. Dogo wa watu, ambaye studio yake ni chumba kimoja Tandika na magodoro ukutani, alishalipwa nusu. Nusu nyingine akaambiwa asahau.

Wiki moja baadaye dogo akaja inboksi. Hakunitukana. Aliandika: "Kaka samahani, naomba kuuliza, uliisikilizia wapi ile ngoma?" Halafu akanitumia faili kamili, si ile ya WhatsApp iliyobanwa. Nikaazima hedifoni nzuri kwa mshikaji. Wadau, ilikuwa safi. Sauti imekaa juu ya mdundo, besi imejaa bila kumeza kitu. Nilikaa kitandani na simu mkononi nikakosa la kumjibu.

Sasa subirini. Studio kubwa ikamaliza kazi, tukaitwa tena. Paking ileile, gari ileile, na mkwaruzo uleule! Kimya. Nikajikaza nikamwambia, bosi, hebu weka wimbo wa mtu mwingine, wowote tunaoujua. Akaweka ngoma ya zamani ya Bongo Fleva ambayo tumeisikia maharusini miaka yote. Nayo ikakwaruza. Kila mtu akaanza kuangalia simu yake.

Kipimo hicho ni cha bure, dakika tatu, na kati yetu sita hakuna aliyekikumbuka mara ya kwanza.

Jumamosi yake nikamsindikiza kwa fundi mmoja mzee, Ilala. Nilikwenda kutafuta stori, nikaishia kupewa darasa. Nilidhani atafungua amplifaya na kuchoma risasi. Hakuigusa. Alikaa kwenye siti, akachomeka flashi yake, akarudisha besi na trebo za redio kwenye sifuri, akasikiliza. Kisha akaenda kwenye buti akacheka peke yake.

Geini ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho. Wengi tunaamini geini ni volyumu ya amplifaya, ukiizungusha unapata nguvu zaidi. Siyo. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na umeme mdogo wa sauti unaotoka kwenye redio. Ukiizidisha, amplifaya inafika mwisho wa uwezo wake wakati wimbo bado unapanda, na mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa. Huo ndio mkwaruzo. Unapenda kusikia au hupendi, spika inapata joto, na wanaotangulia kufa ni twita, vile vispika vidogo vya sauti kali. Yeye alifanya hivi: geini chini kabisa, redio akaipandisha mpaka kama robo tatu ya mwisho wake, kisha akaipandisha geini taratibu mpaka sauti ilipoanza kuchafuka, akarudi nyuma kidogo. Basi. Dakika tano, na nusu ya tatizo imeondoka mbele ya macho yetu.

Pembeni ya geini kulikuwa na kitufe cha kuongeza besi, nacho kimesukumwa mpaka desibeli 12. Mzee akamuuliza msanii: unajua hapo umeiomba amplifaya nini? Kila desibeli 3 ni mara mbili ya nguvu. 12 ni mara 16. Kama sabufa inakula wati 50 ukiwa umetulia, hapo umeiambia ile 800. Msanii akasema boksi limeandikwa 2000. Mzee akamwonyesha fyuzi za amplifaya, mbili, kila moja 25. Jumla 50, zidisha na volti 14 za gari ikiwa inawaka, unapata wati 700 zinazoingia. Na sehemu ya hizo inaishia kuwa joto. Za kutoka zitakuwaje 2000? Hesabu ya darasa la saba, na jamaa kalipia boksi lile kama kiwanja. Mkienda dukani ulizeni RMS, yaani nguvu inayoweza kutoka muda wote. Ile namba kubwa ya juu ya boksi ni pambo.

Ikabaki ile "wiiiii" inayopanda na injini. Mzee akachomoa waya za RCA kwenye amplifaya. Mlio ukapungua ila haukuisha, akasema basi kosa ni zaidi ya moja. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa kwenye bolti lenye rangi juu yake. Rangi haipitishi umeme, wadau. Akakwangua mpaka bati likang'aa, akafunga waya mfupi, hata nusu mita haukufika, mnene sawasawa na ule wa betri. Kisha akainua kapeti: waya za RCA zilikuwa zimefungwa tepu pamoja na waya mkubwa wa umeme kutoka mbele mpaka nyuma, kama mapacha. Akazihamishia upande wa pili wa gari. Injini ikaunguruma, mziki kimya, hakuna mlio.

Ile besi ya mbele isiyosikika ndiyo iliniuma zaidi, maana ndiyo niliyomkandia nayo dogo. Niliandika "mdundo hauna kifua". Mzee alizungusha balansi upande wa kulia tu, besi ikaongezeka. Spika moja inatoa besi kuliko mbili! Akasema mlango mmoja waya zimegeuzwa, chanya kwenye hasi. Spika ya kulia ikisukuma, ya kushoto inavuta, besi zinauana hewani. Akageuza. Sekunde ileile wimbo ukapata kifua.

Na zilifikaje kugeuka? Hapa wengi wenu mnahusika. Redio inayokuja na gari ya Japani inaanzia FM 76, nyingi zinaishia 90, wakati stesheni zetu zimejaa mpaka 108. Kwa hiyo tunabadilisha redio. Fundi wa haraka, badala ya kutumia soketi yake, anakata plagi ya gari na kuunganisha waya kwa kubahatisha, rangi kwa rangi anavyojua yeye. Ikilia, kazi imeisha, lete hela. Wewe unasikia besi haipo, unaongeza sabufa.

Kuna kitu kimoja mzee alikiona na hapo hakucheka tena. Waya mkubwa kutoka betri haukuwa na fyuzi mbele, na ulikuwa umepita kwenye tundu la bati bila mpira wa kuukinga. Alizima gari kwanza ndipo akaongea. Fyuzi ya kwenye amplifaya inalinda amplifaya, akasema. Ile ya karibu na betri inalinda gari na wewe uliyekaa ndani. Bati likikata ngozi ya waya ule, hakuna cha kuuzima, gari inawaka moto. Aliweka fyuzi shubiri mbili tu kutoka betri na mpira kwenye tundu. Kama leo utafanya kitu kimoja baada ya kusoma hapa, fungua boneti uangalie hicho. Mambo ya besi yatasubiri.

Kazi yote, pamoja na waya, fyuzi na twita moja iliyokuwa imeshaungua, haikufika bei ya sabufa moja kati ya zile mbili. Tuliondoka kabla ya magharibi. Njiani msanii akaiweka ngoma, ile ya kwanza, ya dogo. Aliirudia mara tatu. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu.

Najua mtanijia juu. Kuna watakaosema prodyuza mzuri lazima ahakikishe kazi inalia vizuri hata kwenye gari. Kweli kabisa, na dogo anasema aliipima kwenye bajaji ya jirani, kwenye taksi na kwenye redio ya mama yake. Gari ambayo hakuipima ni moja, na ndiyo iliyogeuka hakimu. Wengine mtasema mafundi wetu ndio tatizo. Baadhi, ndiyo. Lakini aliyepandisha geini mpaka mwisho hakuwa fundi. Alikuwa mwenye gari mwenyewe, siku ya pili baada ya kufungiwa, kwa sababu jirani yake mtaani analia zaidi. Ndivyo tulivyo. Tunafunga mziki ili usikike na wa nje, wa ndani avumilie.

Na sisi wa blogu msitusahau. Mimi nina simu, bando na kidomo. Sikuwahi kumuuliza mtu yeyote swali alilouliza dogo, uliisikilizia wapi. Mtu mwenye jina akikunja uso, tunakimbilia kumtafuta mdogo wa kumbebesha lawama, maana mkubwa ndiye anayetualika tena kesho. Mngeniona siku ile na soda yangu mkononi, nimetikisa kichwa kama mtaalamu.

Posti ya zamani sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba nilikosea, na kwamba kilichokuwa kibovu ni gari. Mlioshare mwanzo, shareni na hiyo.

Ngoma imetoka wiki iliyopita, toleo la studio kubwa, na inafanya vizuri, hongera zake. Nimeongea na dogo jana. Hataki vita, hataki hata nimtaje jina wala msanii nimtaje. Anataka ile nusu yake iliyobaki, kodi ya chumba imefika. Bosi, najua huwa unapita hapa kusoma koment. Namba yake unayo.