Kompyuta Mpya Ijaribiwe Katika Joto Letu

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za kizazi kile zilikuwa kubwa, na aghalabu zilitengewa chumba chao chenye kiyoyozi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, zuio ambalo baadaye liliondolewa. Leo mashine yenye uwezo unaoipita ile ya 1965 mara nyingi mno hubebwa mkobani kutoka Kariakoo hadi Mbagala au Tegeta, ikawekwa mezani katika chumba kilichoezekwa kwa bati. Mashine imewafikia wananchi, lakini chumba chake cha baridi hakikufuatana nayo. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba mtu aliyeiwasha kompyuta mpya dukani kwa dakika tano, chini ya kiyoyozi cha muuzaji, bado hajaijaribu.

Yafaa tuanze na sayansi yenyewe. Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hatimaye hugeuka kuwa joto, na sehemu kubwa hutoka katika prosesa, yaani kile kijibamba cha silikoni kinachofanya hesabu zote. Katika kompyuta mpakato nyingi, bomba jembamba la shaba hulichukua joto hilo na kulifikisha kwenye mapezi ya chuma, na feni ndogo huyapuliza. Lakini feni haitengenezi baridi. Husukuma tu hewa iliyomo chumbani. Hewa hiyo ikizidi kwa nyuzi 10, prosesa nayo huzidi kwa kiasi kinachokaribia nyuzi 10, kazi ikiwa ni ile ile.

Viwanda vingi huandika katika vijitabu vyao kwamba mashine itumike mahali ambapo joto halizidi nyuzi 35 za sentigredi. Katika Dar es Salaam, kati ya Januari na Machi, joto la mchana kivulini hufika nyuzi 32 au 33, na chumba cha bati kisicho na dari huweza kulipita hilo. Kwa hiyo mpaka ambao mtu wa Ulaya huufikia kwa nadra, mkazi wa Temeke huishi nao msimu mzima.

Je, mpaka ukivukwa hutokea nini? Prosesa nyingi za kompyuta mpakato zina kikomo kinachokaribia nyuzi 100. Zikikifikia, hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue; joto likizidi bado, mashine hujizima. Mwenye steshenari pale Tandika ataona tu kwamba kazi inazorota kila ifikapo saa nane mchana, wateja wamejipanga mlangoni, naye atadhani ni virusi. Betri ya lithiamu nayo huzeeka upesi katika joto, hasa ikikaa imejaa umeme wakati wote.

Jaribio la kuligundua tatizo hili si gumu. Lifanywe katika siku za mwanzo, pale pale mashine itakapofanyia kazi, kati ya saa saba na saa tisa mchana. Mashine iwekwe juu ya meza ngumu, si juu ya godoro wala kanga, kwa maana matundu ya hewa aghalabu yako chini. Kwa mashine zenye Windows, programu ya bure kama HWiNFO huonyesha joto na kasi ya prosesa. Joto lisomwe mashine ikiwa imetulia kwa robo saa. Kisha ipewe kazi nzito, mathalani kugeuza filamu ndefu kuwa ya umbo jingine, kwa nusu saa, na joto liandikwe kila baada ya dakika tano. Kukigusa kikomo kwa nukta chache si kasoro. Lakini joto likiganda kwenye kikomo, kasi ikashuka chini ya ile ya msingi iliyotajwa na kiwanda, feni ikakwaruza au mashine ikazimika, hiyo ina ila, na irudishwe.

Hapo ndipo mnunuzi hukutana na maneno yaliyopigwa chapa kwenye risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi ambaye hajaikagua bidhaa hahesabiwi kuwa ameipokea mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Kwa mashine ambayo ila yake hujificha mpaka ifanye kazi katika joto, dakika tano dukani haziwezi kuitwa nafasi ya kutosha.

Wafanyabiashara watasema kwamba wapo wateja watakaoharibu mashine kisha waidai fedha. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kipimo kinachokubaliwa na pande zote mbili. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, lingeweza kuandaa jaribio fupi la joto linalofanana na hali ya nyumba zetu, na kuagiza kikomo cha joto kiandikwe kwa Kiswahili juu ya sanduku. Wauzaji nao watoe siku saba za majaribio, zikiandikwa kwenye risiti. Mwanafunzi au mwenye steshenari aliyeweka akiba ya mwaka mzima anastahili kujua mapema kama alichokinunua kitafanya kazi mwezi Februari, saa nane mchana, nyumbani kwake.