STAA UNAYECHEKA SIMU YENYE RABABENDI, PASWEDI YAKO ANAYO NANI?

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nina hasira.

Kuna staa mmoja wa Bongo Muvi, jina kapuni, wiki iliyopita alikuwa laivu Insta akaanza kumcheka dogo mmoja aliyemuomba selfi. Kosa la dogo? Simu yake imefungwa rababendi ili mfuniko wa nyuma usidondoke, na kichwani kajinyoa mwenyewe, kisogoni pamebaki ngazi. Sista akaanza: vijana wa Mbagala na Tandale mnatia aibu, kila kitu mnaungaunga, si mpeleke kwa fundi au mnunue mpya? Watu wakajaza vikatuni vya kucheka. Na mimi nilicheka kidogo, sisemi uongo.

Halafu nikakumbuka. Sista, zile picha zako za chumbani zilizozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zilitokea wapi? Wewe mwenyewe ulitokwa machozi ukasema ulipeleka simu ikabadilishwe kioo, ukaiacha siku mbili, na paswedi ukaandika kwenye karatasi. Sikucheki kwa hilo. Aliyezisambaza ndiye mwenye kosa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili ya watu kama yeye. Ila usimcheke dogo ambaye simu yake haijawahi kulala kwa mtu.

Maana tuambiane ukweli. Mafundi wazuri wapo, tena wengi, Kariakoo wamejaa vichwa hatari. Lakini unapeleka simu haiingizi chaji, mtu anakuomba paswedi "ya kujaribia". Ya kujaribia nini? Chaji inaonekana hata simu ikiwa imefungwa! Mimi niliwahi kuambiwa sistimu chaji imekufa, elfu 25, njoo kesho. Kesho ikawa keshokutwa. Nikachukua simu yangu nikarudi nayo nyumbani, nikaizima, nikachukua kijiti cha meno nikachokonoa tundu la chaji taratibu. Likatoka donge la vumbi na nyuzi za jinzi kama pamba ya godoro. Nikachomeka, ikapiga kengele. Elfu 25 wangu nikala chipsi mayai, na chenji ikabaki ya kutosha.

Na pasi je? Watu wanatupa pasi nzima kumbe ndani ya ile plagi ya miguu mitatu kuna fyuzi ndogo imeungua. Chomoa kwenye ukuta, fungua kwa bisibisi, weka nyingine ya namba ileile. Namba ileile jamani, usiweke waya wa soda. Nyumba zimeungua kwa ujanja huo.

Tuje kwenye nywele, hapo ndo sista alinigusa kabisa. Unajua kwanini dogo kajinyoa? Mimi sijui, ila mimi najua kwanini NAJINYOA. Kuna kinyozi mmoja mtaani kwetu Temeke alinipandisha mstari wa mbele nikawa na paji la uso kama uwanja wa Taifa. Hiyo ilikuwa nafuu. Mwezi uliofuata mashine yake ikaniachia mapunye, kwa sababu ilitoka kichwa cha mtoto ikaingia kwangu bila hata kufutwa spiriti. Nilivaa kofia miezi miwili, mpaka kwenye harusi ya kaka. Tukachanga na mshkaji wangu tukanunua mashine yetu. Mara ya kwanza nilijitoa kama nimeliwa na panya. Mara ya nne bi mkubwa akaniuliza nimenyolewa wapi. Ngazi ya kisogoni inaondoka kwa vioo viwili na subira. Ikishindikana, unashusha kipara, wiki mbili zinatosha.

Eti nunua mpya. Hivi tumesahau usiku wa tarehe 16 Juni 2016? TCRA walizima simu feki, watu wakaamka na vibao mkononi, na wengi walijua wamenunua mpya, bado zina nailoni kwenye kioo. Mpya yenyewe uikague: bonyeza *#06#, hiyo namba itume kwenda 15090 kabla hujatoa hela. Na huko Ufaransa mnakopiga picha chini ya mnara, kuanzia 2021 hadi 2025 simu dukani ilikuwa lazima iandikwe alama kati ya 10 ya urahisi wa kuitengeneza. Kwao kutengeneza ni haki ya mteja. Kwetu eti ushamba wa uswahilini.

Sasa msije mkanielewa vibaya mkaanza kupanda kwenye nguzo. Betri iliyovimba usiitoboe wala kuibonyeza, ina moto ndani. Maikrowevu usiifungue, inaweza kukurusha hata ikiwa imechomolewa. Nyaya za ukutani na mita, muite mwenye leseni. Dawa ya nywele ikikuunguza ngozi, suuza kwa maji mengi uende hospitali, usiongeze nyingine juu. Na simu ikikushinda kweli, toa laini na kadi, hamisha picha zako, ifute kabisa ndo uipeleke. Samsung nyingi za karibuni zina kitu kwenye mipangilio kinaitwa Maintenance Mode, ukikiwasha fundi anafanya kazi yake bila kuona picha wala meseji zako.

Nasikia juzi simu ya sista imetumbukia kwenye bwawa la hoteli, na timu yake imeizika kwenye mchele. Sista, itoe huko. Apple wenyewe walishaonya 2024 kwamba vumbi la mchele linaweza kuiharibu zaidi. Izime, igonge taratibu tundu likiangalia chini, iache kwenye upepo. Ukikwama, muulize yule dogo wa rababendi.